Hiroshima, mji wa motere yenye kuzunguka



Watu wengi wa kwetu wakisikia jina Hiroshima, wanawaza kitu kimoja tu: bomu. Lakini mji ule una mito sita yenye kushuka baharini, una tramu zenye kupita katikati ya barabara toka asubuhi mpaka usiku, na upande wa mashariki, nyuma ya kilima cha Hijiyama, katika mji mdogo wa Fuchu, kuna kiwanda kikubwa cha motokari cha Mazda. Mwezi huu nataka kuwaandikia juu ya kiwanda kile, na zaidi juu ya motere moja iliyozaliwa mule. Vijana wamelalamika kwangu mara nyingi kwamba kurasa za wachungaji zinasema paka mambo ya ndoa na ya pombe. Basi, hii ni ya kwenu.

Nilifika kule katika mwezi wa 5 wa mwaka 2024. Tulikuwa wachungaji watatu walioalikwa na makanisa ya kule, na kila mmoja akapewa nyumba ya kulala. Mimi nilipokelewa na shemasi mmoja, mwalimu wa hesabu aliyekwisha kupata pansio, mwenye miaka 68. Dada mmoja wa kanisa lao, mwenye kufundisha Kifaransa, alitutafsiria. Wakristo wa kule wanamwita mchungaji "sensei", ndiyo kusema mwalimu. Na kwa vile mzee naye alikuwa mwalimu, tuliitana sensei sisi wawili, mpaka dada mtafsiri akacheka.

Pembeni ya nyumba, chini ya paa la bati, kulikuwa na motokari nyekundu, ya chini sana, imelala kama mjusi kwenye jua. Ilikuwa Mazda RX-7 ya mwaka 1993. Ndani ni viti viwili vya kweli. Vile vya nyuma ni vya kuweka Biblia na mwavuli. Mimi na mwili wangu huu niliingia kwa kutanguliza kichwa, halafu mguu mmoja, halafu mwingine, na Mama wa nyumba akasimama mlangoni akijifunga kinywa na kitambaa.

Mzee alisema: "Sensei, motokari ni ya mwaka 1993, lakini motere yake ni ya mwaka 2016. Mimi ninaishi na moyo wa pili."

Ili mfahamu neno lile, ni lazima niwaeleze motere yenyewe. Wale wenye kufanya kazi garaji wanajua motere ya kila siku: pistoni inapanda na kushuka, supapu zinafunguka na kufungika, vilebrekeni inazungusha. Motere hii haina pistoni wala supapu. Muwaze ganda la karanga lenye mbegu mbili, lile lenye kiuno kidogo katikati. Ndani ya ganda wameweka chuma chenye pembe tatu, nacho kinazunguka, na ncha zake tatu zinagusa ukuta wakati wote. Hivi kunabaki vyumba vitatu kati ya chuma na ukuta, na kila chumba kinakuwa kikubwa, halafu kidogo, halafu kikubwa tena. Chumba kimoja kinavuta hewa na esanse, kingine kinakaza na buji inawasha, kingine kinatoa moshi. Pembe-tatu ikizunguka mara moja, chuma cha katikati kinazunguka mara tatu. RX-7 ina pembe-tatu mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila moja ina buji mbili. Ukubwa wote ni santimita za kubu 1 308 tu, lakini pamoja na turbo zake mbili motokari ya mzee ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 255.

Sasa, shida yote iko katika zile ncha tatu. Kwenye kila ncha kuna kijiti cha chuma, urefu wake milimita 80, unene wake milimita 2. Kazi yake ni ile ya segima kwenye pistoni: kuziba, ili moto wa chumba hiki usipite katika chumba cha jirani. Kijiti kile kinasugua ukuta bila kupumzika, katika joto kali. Kikichoka, au kikivunjika, motere imekwisha. Mzee alinipa kimoja cha zamani mkononi. Kilikuwa chepesi kama kijiti cha kuchokonolea meno cha jitu.

Aliyetunga motere hii ni Mjerumani, Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufa mwaka 1988. Motere ya kwanza ya namna hii iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU, kule Ujerumani. (Wankel mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuendesha motokari. Mambo ya dunia.) NSU iliuza motokari nzuri sana kuanzia mwaka 1967, iliyoitwa Ro 80, lakini vijiti vilikufa mapema na kampuni ikabadilisha motere nyingi bila kuwalipisha watu. Inasimuliwa kwamba wenye Ro 80 wakikutana barabarani walikuwa wakisalimiana kwa kuinua vidole: viwili, vitatu, vinne, hesabu ya motere ambazo kila mmoja amekwisha kubadilishiwa.

Kampuni ya Hiroshima ilikuwa imeandikiana mapatano na NSU mwaka 1961. Ilianza mwaka 1920 kwa kutengeneza vifuniko na vitu vya koki, halafu kutoka mwaka 1931 pikipiki za magurudumu matatu za kubeba mizigo. Siku ya tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu lilipoanguka, kilima cha Hijiyama kilikinga kiwanda, nacho kikabaki kimesimama wakati mji ulikuwa umelala chini. Mpaka mwaka 1946 ofisi za serikali ya jimbo zilikaa katika nyumba za kiwanda kile, na kabla mwaka 1945 haujaisha wafanyakazi walikuwa wameanza tena kutengeneza zile pikipiki. Sisi watu wa Likasi na Kolwezi hatuhitaji kuelezwa maana ya kampuni moja kuwa mama wa mji mzima.

Katika miaka ya 1960 serikali ya Japani ilitaka kampuni ndogo za motokari zimezwe na kubwa. Mkuu wa kampuni, Tsuneji Matsuda, aliona kwamba wasipokuwa na kitu ambacho wengine hawana, watamezwa. Kitu kile kilikuwa motere hii. Waliwekwa mafundi 47 chini ya Kenichi Yamamoto. Walipofungua motere za kwanza walikuta ukuta wa ndani umechorwa mistari-mistari kutoka juu mpaka chini, wakaiita "kucha za shetani". Mimi kama mchungaji nililipenda jina lile. Kijiti kilikuwa kinatetemeka na kukwaruza ukuta. Walijaribu vijiti vya kila namna mpaka walipofika kwenye kaboni iliyochanganywa na aluminiamu, na mwaka 1967 wakauza motokari yao ya kwanza ya motere ile, Cosmo Sport. Mwaka 1973 bei ya petroli ilipopanda duniani pote, motere yenye kunywa esanse kama ng'ombe karibu iue kampuni. Benki iliingia kuiokoa, na wafanyakazi wa kiwanda walitumwa katika nchi yote kuuza motokari mlango kwa mlango. Hawakuiacha. RX-7 ilitoka mwaka 1978, na mpaka mwaka 2002 waliuza zaidi ya 800 000. Mwaka 1991 motokari yao ya mashindano, 787B, ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa, kampuni ya kwanza ya Japani kufanya vile. Niliiona katika nyumba ya makumbusho ya kiwanda. Inang'aa rangi ya machungwa na kijani, na vijana wa kule wanasimama mbele yake wakinyamaza kama watu waliofika kaburini kwa babu.

Turudie kwa mzee. Alinunua RX-7 yake mwaka 2001, ya mkono wa pili, kwa mtu aliyekuwa ameiacha ichemke mara zaidi ya moja. Motere hii haisamehi joto. Ikichemka, mipira yenye kuziba maji inaungua, na sahani za chuma na aluminiamu zinapinda kila moja kwa namna yake. Miaka ilipita, na dalili zikaanza. Asubuhi, ikiwa baridi, iliwaka vizuri. Lakini akisimama kununua esanse, motere ikiwa moto, demarere ilizunguka, ikazunguka, bila kitu. Halafu siku moja ya mwaka 2016, akipanda mlima, alisikia nguvu inatoka "kama mtu aliyetoka chumbani bila kuaga."

Mekanisie alitoa buji na kuweka kipimo cha kukaza hewa. Hapa, vijana, sikilizeni. Kwenye motere ya pistoni kipimo kinatoa jibu moja kwa kila silinda. Hapa kila pembe-tatu inatoa majibu matatu, kwa sababu ya vyumba vitatu, na fundi mwenye masikio anayasikia: puf, puf, puf, sawasawa. Ya mbele ilikuwa sawasawa. Ya nyuma ilisema: puf, halafu pumzi mbili za mgonjwa. Kijiti kimoja kikivunjika, kinaharibu vyumba viwili, kile cha kulia na kile cha kushoto chake. Kijiti kimoja kilikuwa kimevunjika, na vipande vyake vilikwaruza ukuta na kutoka kupitia turbo, navyo vikaivunja pia.

Alikuwa na njia tatu. Kuuza motokari kama chuma. Kutafuta motere ya okazioni, iliyotolewa katika RX-7 nyingine iliyogongwa. Njia ile kwetu tunaijua sana, tunanunua motere za namna ile kila siku. Ao kufungua motere yake na kuifanya upya. Njia ya pili aliikataa, na sababu aliyonipa ni ya mwalimu wa hesabu: motere ya okazioni ya namna hii huwezi kuijua kwa macho, vijiti viko ndani, na yule mwenye kuuza anajua kidogo kuliko wewe mwenye kununua. Alichagua njia ya tatu. Kazi ilichukua miezi mine. Ukuta mpya, pembe-tatu ya nyuma mpya, vijiti vyote na mipira yote mipya, sahani za pembeni zikasuguliwa tena. Kampuni ilikuwa bado inatengeneza vipuri vya motere ile, na mwaka 2020 ilitangaza vipuri zaidi kwa ajili ya RX-7 za zamani.

Bei hakunitajia. Mama ndiye aliyeitaja, kwa namna yake: "Sensei, ni bei ya paa jipya la nyumba na rangi ya kuta zote. Motere ya kwanza ilikuwa yake peke yake. Hii ya pili ni yetu wawili, maana paa letu bado ni la zamani."

Na kuishi nayo? Ni kama kuishi na mtoto aliyetoka hospitali. Kilometa 2 000 za kwanza alitembea polepole, bila kupita mizunguko 4 000 kwa dakika, ili vijiti vijuane na ukuta. Mabasi yalimpita, mwenye motokari ya mbio, na watoto ndani ya basi walimpungia mkono. Kila mara ya pili akiweka esanse, anapima mafuta. Hii si uchafu wala ugonjwa: motere yenyewe imefanywa ili inyunyize mafuta kidogo ndani ya vyumba, vijiti visikauke, kwa hiyo inakula mafuta kila siku, na mtu mwenye kungoja mpaka taa nyekundu iwake amekwisha kuchelewa. Mzee anaongeza tena mafuta kidogo ndani ya tanki, yale ya pikipiki, kwa kupima na kikombe. Ameweka saa nyingine ya joto la maji, maana ile ya kiwandani sindano yake inakaa katikati kwa muda mrefu hata kama maji yanapanda. Hapiti nguvu mpaka mafuta yapate moto. Akifika nyumbani anaacha motere iunguruma kwa dakika moja, turbo zipoe.

Lakini jambo lenye kushangaza zaidi ni hili: haiwezekani kuisogeza kidogo. Siku moja Mama alitaka kufagia majani chini ya bati, akaiwasha, akairudisha nyuma metre tatu, akaizima. Jioni haikuwaka. Ikiwa baridi inapewa esanse nyingi. Ukiizima mbio-mbio, esanse ile inabaki ndani, inaosha mafuta kwenye vijiti, na vijiti visipokuwa na mafuta havizibi. Ilibidi kutoa buji zote na kuzungusha motere bila esanse mpaka ikauke. Kutoka siku ile, Mama alituambia, akitaka kufagia anaita majirani, wanaisukuma.

Inakunywa lita moja kwa kilometa 6 ao 7. Serikali nayo haiisahau: kodi ya motokari kule inafuata ukubwa wa motere, na motere ya namna hii wanaihesabu mara moja na nusu, kwa hiyo zile 1 308 zinakuwa 1 962. Tena motokari ya esanse yenye kupita miaka 13 inaongezewa kodi.

Najua msomaji mmoja, pengine ni mama wa jamaa, amekwisha kuuliza: Baba Pasta, na ule ndiye shemasi? Mimi pia nilimwuliza mzee wazi juu ya uwakili wa mali. Hakukasirika. Alisema hanywi, hasafiri, zaka yake kanisa linaijua, na kila Jumamosi anafundisha vijana wanne wa mtaa kufungua motere ya zamani iliyo kwenye meza yake. Wawili kati yao sasa wanafanya kazi kiwandani. Niliwaona vijana wale. Kwangu mimi, jibu lake la vijana linanitosha, lile la kutokunywa halinitoshi, kwa sababu mtu anaweza kulewa chuma vilevile. Paa la Mama bado liko pale. Nilimwambia hivyo, na dada mtafsiri alingoja kidogo kabla ya kutafsiri.

Siku ya tano alinichukua mpaka Kure, kwa barabara namba 31 yenye kufuata bahari. Kulia kwetu niliona vyelezo vya kufugia chaza, safu kwa safu juu ya maji. Motere ilikuwa na sauti nisiyoizoea, si ya kupiga-piga, ni ya kusaga, na ikipanda inakuwa laini zaidi, mpaka mtu anasahau kubadilisha viteso. Ndiyo maana kiwanda kimeweka mlio mdogo wa kumwonya shofere.

Mzee aliniuliza ninatoka wapi hasa katika Kongo. Nilimwambia: Katanga, upande wa Likasi. Nikamwambia pia kwamba karibu na kwetu kuna Shinkolobwe. Jina hakulijua. Basi nikamweleza: sehemu kubwa ya uraniumu ambayo Waamerika walitumia kufanya bomu lile ilitoka katika shimo lile. Union Minière ilipeleka karibu tani 1 200 za mawe New York mwaka 1940, na mwaka 1942 mkuu wake, Edgar Sengier, akawauzia jeshi la Amerika; halafu watu wetu wakaendelea kuchimba na kupakia magunia. Karibu watu 140 000 walikuwa wamekufa Hiroshima mwaka 1945 ulipoisha.

Aliendesha kilometa nzima bila kusema. Dada mtafsiri, aliyebanwa kule nyuma penye nafasi ya Biblia, naye alinyamaza. Halafu mzee akauliza neno moja:

"Wale waliochimba, waliambiwa ni kitu gani?"

Nikajibu: hapana, hawakuambiwa. Ilikuwa siri. Walishika kwa mikono.

"Na wagonjwa wao, nani aliwahesabu?"

Nikasema kwamba kwao hapakuwa na kitabu cha majina kama kile cha Hiroshima. Shimo lilifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004, na hata baada ya amri watu wenye njaa walirudi kuchimba. Mzee alipunguza mwendo, akaingia pembeni ya barabara mahali penye kuangalia bahari. Hakuzima motere. Alisema mama yake alikuwa nyuma ya Hijiyama asubuhi ile, alikuwa msichana wa miaka 15, na ni kwa sababu ya kilima tu yeye amezaliwa. Aliomba nimwandikie jina la Shinkolobwe. Niliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ambayo anaandikia kilometa na mafuta, na yeye akaandika chini yake kwa herufi zao, silabi kwa silabi, akisoma polepole: shi-n-ko-ro-bu-we.

Aliangalia saa ya joto, akangoja dakika yake moja, halafu akageuza ufunguo, na tukasikia bahari.